Nkwabi wa Jalada Kuukuu

Jumatatu, 14 Juni 1954
Bwana Shauri ameniamuru nipange majalada ya zamani hapa bomani Geita. Vumbi tupu. Nimepiga chafya mpaka saa nne. Kisha, barua ya mwaka 1936! Meneja wa mgodi aliandika kwamba Nkwabi ndiye aliyewaonyesha mwamba wa dhahabu. Bila yeye wangefunga virago. Nkwabi yupi? Haikusema. Na mimi ni nani? Stanslaus Nkwabi. Mzee Clemens wa Rwamgasa, mnyapara mstaafu, hanipi binti yake Febronia kwa kuwa hajui ukoo wangu. Sasa ataujua. Kuanzia leo Nkwabi huyu ni babu yangu mzaa baba.

Jumanne, 15 Juni
Karani mwenzangu Ignas ameichungulia barua. Amesema akina Nkwabi ni wengi kama kumbikumbi. Wivu tu. Hata hivyo nimetazama majalada mengine. Mmoja alifungwa kwa kuiba mbuzi. Mwingine alilalamikia fisi mara tisa. Wa tatu si mtu, ni kampuni, iliyochukua jina la kilima ilichokichimba. Mwizi wa mbuzi nimemsukuma nyuma ya kabati. Sitaki wakwe wamfahamu.

Alhamisi, 17 Juni
Nimeomba ruhusa ya jino. Nimechukua baiskeli ya Ignas, nitamwambia baadaye. Nimefika Rwamgasa mwekundu kwa vumbi. Nikamwamkia Mzee, akaitikia marahaba huku akipukuchua mahindi. Febronia alikaa mlangoni. Nikaisoma barua kwa Kiswahili, polepole, kama padri. Nikamalizia kwamba shujaa huyo ni babu yangu.

Mzee akaacha mahindi. Akaomba nisome tena. Mara ya tatu macho yake yalilengwalengwa na machozi. Nikajua nimeoa.

Ndipo akaeleza. Kampuni ile iliitwa Nkwabi, na wazungu wake hawakujisumbua na majina ya watu. Kila kibarua aliandikwa Nkwabi. Aliyewapeleka kwenye mwamba ni yeye mwenyewe, na kwa miaka kumi na minane hakusikia hata asante.

Kisha akarudia kupukuchua mahindi.

"Kama mimi ni babu yako mzaa baba," akasema, "basi Febronia ni shangazi yako. Mwamkie."

Febronia alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nikakiri yote: baba yangu ni mfua majembe wa Buseresere, na babu yangu hakuwahi kuona dhahabu. Mzee akasema jembe lake mwenyewe limetoka Buseresere, na ningesema hivyo tangu mwanzo angenikubali. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, akataka nirudi Jumapili niwasomee majirani.

Jumapili, 20 Juni
Nimesoma mara nne. Mzee alivaa koti. Kila nilipotaja Nkwabi alisimama, na watu wakapiga vigelegele. Febronia amenipa kiazi kikubwa kuliko vyote, akaniita mpwa wake. Mzee ameagiza nimlete baba yangu, tuzungumze posa. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumatatu, 21 Juni
Lakini Donatus, kaka yake Febronia, bado ananitazama kwa jicho la pembeni. Yeye anapenda mpira tu. Leo nimeona jalada la mwaka 1949 linalomsifu Stanslaus, golikipa hodari wa Mwanza. Jina la pili limeliwa na mchwa. Sijawahi kudaka hata chungwa. Nimemwandikia Donatus kwamba golikipa huyo ni mimi, na Jumamosi nitalinda lango la timu yake. Wapinzani, nasikia, ni wavunja mawe wa mgodini.