Fremu ya Samaki na Marumaru Nyeupe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ufunguo mkononi! Fremu ya Mabatini, barabarani kabisa, ni yetu. Mke wangu Prudencia ameuza ndizi na sato chini ya turubai miaka yote hii. Sasa anaingia ndani kama mtu na heshima zake. Tumekwenda kutazama. Sakafu ya saruji, kuta chafu, popo mmoja. Prudencia akasema rangi na benchi zinatosha, Jumamosi tufungue. Nikaanza kumweleza habari ya mwonekano. Akanikatisha.

"Watu wanakula samaki, Baba Noela. Hawali ukuta."

Maneno ya mtu asiye na maono. Akaongeza kwamba wateja wakimkimbia anarudi kwenye turubai lake, na mimi nitafute wa kunipikia. Anaweza huyo! Nimekubali: rangi na benchi.

Jumanne, 3 Juni

Fundi Luhaga kaja na ndoo ya rangi. Tulianza vizuri tu. Mara namwona Ngosha, jirani wa ng'ambo ya barabara, naye muuza samaki, anapaka nguzo zake bluu. Bluu! Tena akanipungia mkono. Moyo ukaniwaka. Sisi watu wa Bukoba hatushindani kwa ndoo ya rangi. Nikamwagiza Luhaga marumaru nyeupe, sakafu nzima. Akauliza kama mama anajua. Nikasema mwanaume hapa ni mimi. Akauliza tena. Nikamwambia aanzie kona ya ndani, isiyoonekana mlangoni.

Prudencia nimemwambia kuna ufa unazibwa.

Jumatano, 4 Juni

Prudencia kapita kukagua. Akauliza ufa wenyewe uko wapi. Nikasema ulikuwa umeenea. Hakucheka. Basi, maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga: nimeagiza na dari ya jipsamu, na mlango wa kioo cheusi ili Ngosha asichungulie. Jiko limekwenda nyuma. Moshi na marumaru haviendani.

Ijumaa, 6 Juni

Imekamilika. Naiona sura yangu sakafuni! Prudencia anapara samaki kwa hasira, kana kwamba ndio mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi nzima hakuna mtu. Wanafika mlangoni, wanajitazama kwenye kioo, wanaweka kola sawa, wanaondoka. Mmoja kauliza kama daktari wa meno ameingia. Ng'ambo, Ngosha anachoma samaki, harufu mtaa mzima. Prudencia akatoka jikoni, akatazama viti vitupu, akarudi. Machozi niliyaona. Roho iliniuma, sidanganyi. Akirudi kwenye turubai nitakuwa nimemrudisha mimi.

Mchana akaja mzee Chenge, mteja wake wa siku zote. Nikamwamkia shikamoo. Akavua kandambili mlangoni. Nikamsihi aingie nazo. Akasema sakafu kama ile haikanyagwi na vumbi la Mabatini. Waliomfuata wakavua pia. Mle ndani wakala kwa kunong'ona, maana marumaru zinarudisha sauti.

Sasa Mama Sabina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akapita. Rundo la viatu mlangoni, kimya, Prudencia haonekani, na mimi nimesimama pale na uso wangu wa huzuni. Akajua ni msiba. Hakuuliza, alikimbia kuita watu. Mimi nilichoona ni akina mama wanakuja, khanga viunoni, masufuria vichwani, wanaimba wimbo wa maziko. Mama Sabina akanishika mikono, akanipa pole. Nikasema ahsante. Nilidhani ni pole ya biashara!

Nyuma yao, Ngosha. Kafunga biashara yake, Jumamosi hiyo, kabeba gunia la mkaa la kuchangia, macho mekundu. Akaninong'oneza kwamba mke wangu alikuwa mpishi kuliko yeye.

Hapo Prudencia akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akitaka kujua umati ule wote utakula nini. Ngosha akaangusha gunia. Juu ya marumaru zangu!

Vigelegele! Wakamkumbatia, wakalia, wakacheka. Na kwa kuwa walikuja kushinda msibani, njaa walikuja nayo. Sato wakaisha. Ngosha akaenda kuleta wa kwake, jiko likawashwa mbele ya mlango, na wapita njia wakaanza kuingia na viatu vyao bila kumwuliza mtu. Prudencia alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Sijamwona hivyo tangu harusi yetu. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Ngosha.

Jumapili, 8 Juni

Nimesamehewa! Kwa masharti: jiko linabaki mbele, kioo kinatoka, benchi zinaingia, na nisimwite fundi tena bila yeye kujua. Nimeapa, tena nikiwa nimetoka Misa.

Mchana nimekaa peke yangu nikalitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimeliona. Marumaru hazikuwa na tatizo hata kidogo. Viatu ndivyo vilivyokosa pa kukaa. Tungekuwa na chumba cha viatu, chenye rafu, taa na sofa dogo, nani angewaza msiba? Luhaga anakuja kupima kesho alfajiri, Prudencia akiwa Mwaloni kununua samaki.