Malalamiko Kuhusu Kilo Zilizotajwa kwa Sauti ya Chini

Kabuta, Nchelenge

Ndugu Msimamizi wa Kliniki,

Natumaini u mzima na nyumba yako yote. Mimi ni Rosalie, mnunuzi wa samaki hapa Kabuta, mwanamke mnene, ukiuliza utaonyeshwa. Namlalamikia mshauri mpya wa lishe, Dada Esnart.

1. Alinipima nyuma ya pazia. Huku kando ya ziwa mizani husomwa kwa sauti mbele ya watu, na uzito wa kunong'ona ni uzito wa wizi. Nitajuaje kama hakunipunja? Aliyemtangulia alikuwa mwaminifu: alizitangaza kilo zangu foleni nzima ikasikia, akaongeza kwamba analionea huruma godoro langu. Nililia njia nzima, lakini hesabu ilikuwa wazi.

2. Kabla ya yote aliniuliza, "Mama, unaniruhusu nikupime?" Sijaona samaki akiombwa ruhusa.

3. Alinipa kiti kipana kisicho na mikono. Zamani nilishauriwa nikiwa nimesimama, na aliyesimama huondoka upesi. Safari hii nilikaa.

4. Kwa kuwa nilikaa, aliniuliza napika nini, kisha akasikiliza. Hakuniamuru niache bukari, ugali wetu. Alitaka kujua mboga ya sombe, yale majani ya muhogo, naiwekea mafuta kiasi gani, nakula na nani, magoti yananiuma wakati gani. Nikajikuta namweleza hata habari ya presha, ambayo nilikuwa naificha na kuitibu kwa vidonge vya kichwa vya sokoni, kwa sababu baada ya lile tangazo niliona haya kurudi kwenu. Sasa nimepewa dawa ya kweli na natakiwa kurudi kila mwezi. Samaki wangu wataangaliwa na nani?

Kwa hiyo naomba pazia litolewe, kiti kiondolewe, na Dada Esnart afundishwe kupiga kelele. Ikishindikana, basi wewe na wafanyakazi wako mje mpimwe siku ya soko, kwenye mizani yetu, mbele ya wanunuzi. Mizani nitawaazima bure, na sauti ninayo.

Nisalimie wauguzi, mlinzi wa geti, na akina mama wa foleni, ambao najua wamekosa habari zangu.

Wako katika Bwana,
Rosalie

N.B. Tafadhali usiisome barua hii kabla ya Alhamisi kupita. Mdogo wangu Cadette, ambaye miguu imemvimba hata kanisani hafiki tena, amekubali kuja kupimwa siku hiyo. Nimemwapia kwamba hakuna atakayezisikia kilo zake.