Platini ya Lori Langu

Jumatatu, 8 Julai 1991

Lori limegoma. Siku zote zipo, limechagua wiki hii!

Ijumaa natakiwa Kintinku kwa baba mkwe, Mzee Haji. Ameniandikia barua yenye masharti: nifike na hilo lori ninalolisifia, nimbebee magunia yake ya uwele hadi stesheni ya Manyoni, ndipo nimchukue mke wangu. Nisipofika, Zabibu habanduki kwao. Ana miezi miwili huko. Aliondoka siku nilipouza cherehani yake nikanunua lori hili chakavu la petroli. Nilimweleza kwamba enzi za kungoja lori la ushirika zimekwisha, sasa ni biashara huria, kila mtu na mbio zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mzigo.

Hadi jana lilikuwa linawaka vizuri. Na jana hiyohiyo nililihudumia kwa mikono yangu! Vitumbua vya asubuhi vilifungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikasoma humo kwamba platini ni madini, tena ghali kuliko dhahabu. Niliruka. Fundi wangu Mughwai huitaja kila mara: platini imechoka, platini irekebishwe. Vipande viwili vidogo ndani ya distributa, kile kidude kinachogawa umeme kwenye plagi, vinagongana mchana kutwa. Madini ghali yanagongana! Nikavipaka rangi ya kucha aliyoiacha Zabibu, ile nyeupe kama maji. Mali lazima ilindwe. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 9 Julai

Mughwai kaja. Kachomoa waya wa plagi, kausogeza karibu na injini, kaniambia nizungushe hendeli ya kuwashia. Nikazungusha. Kasema lori halina moto. Nikamjibu kwamba kwa baridi hii ya Julai hata mimi sina. Hakucheka. Alinieleza kama anayemweleza mtoto: plagi haitoi cheche, sasa petroli itaungua na nini?

Kabadilisha plagi. Hakuna. Kaazima koili ya umeme kwa mwenzake. Hakuna. Akaniuliza kama kuna mtu aliyegusa chochote. Nilisema hakuna. Si uongo. Mimi si mtu tu, mimi ndiye mwenye lori.

Jirani yangu Rahimu kapita na lori lake la dizeli lililotoka Dubai. Kajisifu kwamba lake halijui plagi wala platini. Maskini! Lori lote lile, halina hata chembe ya platini. Nilimhurumia kimoyomoyo.

Jumatano, 10 Julai

Mughwai kafungua distributa, kaomba msasa. Anataka kuisugua platini. Kuisugua! Nikamuuliza unga wake utakwenda wapi. Kasema utachukuliwa na upepo. Upepo, au mfuko wa Mughwai? Nikampokonya msasa pamoja na platini, nikampa mgongo, nikasugua ukucha wangu ili asikie sauti. Nikamrudishia platini inang'aa vilevile. Hendeli mara arobaini. Hakuna moto. Bega limevimba.

Mughwai akasema ana miaka thelathini na malori, hajawahi kulindwa kama mwizi wa kuku. Kakusanya spana zake, kaenda.

Nimekula ugali wa jana. Zamani nililalamika kwamba kelele za cherehani zinaniumiza kichwa. Sasa nyumba iko kimya mpaka nasikia mchanga ukigonga bati. Nimemkumbuka Zabibu vibaya sana.

Alhamisi, 11 Julai

Mpango mpya: kulisukuma. Nimewapata vijana wanane kwa kuwaahidi kuwapakia bure kwenda mnadani. Lilishuka mteremko vizuri sana, kimya kabisa, likasimama bondeni. Bado liko huko. Vijana hawanisalimii.

Ijumaa, 12 Julai

Sikwenda Kintinku. Sikwenda hata msikitini, ningeulizwa. Nimeshinda ndani ya kebini, vioo juu.

Jumamosi, 13 Julai

Zabibu kaja! Ndani ya lori la Rahimu! Mzee Haji alinisubiri mpaka sala ikapita, kisha uwele wake ukapanda dizeli. Zabibu kaomba lifti, kafuata nguo zake zilizobaki.

Hakunisema. Alikwenda gereji, akampa Mughwai shikamoo kwa magoti, akamwomba alitazame lori mara moja tu, kwa ajili yake. Mughwai akashuka bondeni. Safari hii alisugua mwenyewe, na mimi nilishikwa mkono na Zabibu. Hendeli moja tu, likanguruma! Mughwai akaunusa ule msasa, akauliza nani kaziba umeme kwa kupaka platini rangi ya kucha. Nikasema lilitoka kiwandani hivyo.

Baadaye Zabibu alisema polepole, nje, mzigo ukiwa miguuni. Rahimu yuko tayari kulinunua lori, mradi liwake mbele yake. Cherehani bado iko kwa Cecilia wa sokoni, niliyemuuzia. Nikiikomboa kesho, yeye atafungua mzigo na mambo yataisha. Nililia, sioni haya kuandika. Nikakubali kila neno. Kalala kwa shangazi yake.

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi nilipokuwa nasubiri, akili ikanijia. Kuuza lori, sawa. Lakini kuuza na platini ndani, kwa bei ya chuma? Huo ungekuwa ujinga. Nikaichomoa, nikaitia mfuko wa shati, nikafunika distributa.

Wamefika. Rahimu kazungusha hendeli mpaka jasho likamtoka. Kasema hanunui jeneza. Kaondoka.

Zabibu alitazama mkono wangu, nao ulikuwa umeshika mfuko. Akabeba mzigo, akaenda stendi. Nilimfuata hadi mlango wa basi la Manyoni nikimwambia tumetajirika. Kondakta aliniomba nisogee. Sijawahi kujisikia mnyonge namna hii.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeipeleka kwa sonara Simoni. Kaitazama, kaigonga, kanirudishia. Kasema hicho ni chuma, platini ni jina la gereji tu. Mwongo! Angekuwa mkweli asingeitazama mara mbili.

Nimekaa nikatafakari nilipokosea. Nimepaona. Platini ya lori moja ni ndogo mno, sonara hawezi kuitamani. Ilongero kuna lori jingine la petroli, bovu, limeegeshwa nyuma ya ghala. Mwenyewe, Bwana Laurian, hataki fedha. Anataka kitanda. Nimemwambia aje achukue changu kesho. Ni cha futi sita, na siku hizi nalalia upande mmoja tu.