Kilori cha Bati na Kitambaa cha Altare

Wazee wenzangu wa usukani, leo nimeaibika. Tena mbele ya kanisa zima.

Humu kwenye kundi letu la simu kila mmoja ameshaweka picha ya gari aliloendesha enzi zile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea kahawa ya Mbinga. Mimi picha ya lori langu sina. Nina kilori cha bati nilichotengeneza mwenyewe, rangi ileile ya bluu, tairi za kandambili. Nikasema leo nitakipiga picha mezani mpaka muape kwamba ni lori lenyewe. (Ndiyo, nilikusudia kuwadanganya.)

Asubuhi jua likaingia dirishani kwa ukali. Boneti ikang'aa kama sufuria mpya, tairi zikapotelea gizani. Nikampigia binti yangu Osmunda, yuko Songea, huwa anapiga picha keki zake za kuuza.

"Shikamoo baba. Mwanga mkali unaharibu. Tundika kitambaa cheupe chembamba dirishani, uuchuje."

Cheupe chembamba! Nyumba nzima kilikuwa kimoja tu: cha altare. Mke wangu ndiye mtunzaji wa vitambaa vya kanisa, kazi aliyoitamani miaka mingi, na akina mama wamemkabidhi juzijuzi tu. Alikuwa amekifua, amekipiga pasi, amekiweka kapuni tayari kwa Misa ya pili. Mwenyewe yuko bafuni. Nikajisemea: mara moja tu, sitakichafua.

Nikakitundika, ncha yake nikaitandaza mezani chini ya kilori. Jamani! Mwanga ukatulia kama asubuhi ya ukungu. Kilori kikawa lori. Nikakisogeza mbele, nikakirudisha nyuma, nikapiga.

"Baba Osmunda! Tunachelewa!"

Nikakunja kitambaa harakaharaka, nikakirudisha kapuni. Kilori nikakitia mfuko wa koti.

Kanisani, Misa haijaanza, kwaya inajaribu sauti, nikatazama vidole vyangu. Vyeusi. Grisi! Jana nilikuwa nimeipaka kwenye ekseli ili tairi zizunguke vizuri.

Mke wangu tayari anapanda kuelekea altareni na kapu lake, shingo wima. Nikampungia mkono. Akadhani namsifia, akatabasamu. Nikainuka. Mzee wa zamu akanishika bega: "Kaa, mzee wangu, bado hatujaanza." Nikakaa. (Kosa la pili.)

Kitambaa kikatandazwa. Michirizi miwili myeusi, imenyooka kabisa, kutoka ukingoni hadi pale panapowekwa kikombe.

Mama Ndunguru, mwenyekiti wa akina mama, akanong'ona kwa ule mnong'ono wake unaofika hadi mlangoni: "Mama Osmunda, hiki ndicho tulichokukabidhi?"

Mke wangu alilikumbatia kapu lile tupu, akainamisha kichwa. Hapo nikashindwa kukaa.

"Ni gari langu!" nikapaza sauti.

Padre akachungulia kutoka mlango wa sakristia. "Gari gani, mzee?"

Nikaenda mbele. Nikatoa kilori mfukoni. Kwa mvi hizi! Padre akakipokea, akakiweka juu ya michirizi. Tairi zikakaa sawasawa.

"Kweli," akasema, "limepita hapa."

Kwaya ikaangua kicheko. Hata Mama Ndunguru alijikaza, akashindwa. Akafuta machozi, akatoa hukumu: "Mama Osmunda, funguo za kabati la vitambaa baki nazo. Ila huyu dereva wako asisogelee kapu." Kikaletwa kitambaa kingine.

Tangu turudi nyumbani nafua. Sabuni ya kipande imekwisha, grisi haijatoka. Mke wangu amekaa kando kwenye kigoda, ananisimamia.

"Sugua, dereva. Mlima bado."

Basi picha hiyo hapo chini. Si lori lenyewe, lakini tazameni huo mwanga! Anayetaka kucheka acheke moyoni, asiandike kitu humu. Simu hii tunaitumia wawili.