Kampuni Isiyokatika

Jumatatu, 3 Machi

Intaneti imekufa tena. Asubuhi! Nikiwa na povu la sabuni usoni. Simu zikamiminika. Majengo yote ya upande wetu wa barabara yanapata intaneti kwangu. Mimi naipata kwa kampuni moja kubwa. Na kampuni hiyo ukiipigia kulalamika inakuwekea muziki. Muziki mzuri, sikatai.

Mkuu wa chuo cha ghorofa ya juu ameshuka mwenyewe. Mama yule hashuki ovyo. Kasema Ijumaa wanachuo wake wana mtihani wa mtandaoni. Mtandao ukikatika katikati, anahamia kwa Shemeji.

Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwenye mtandao wake ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake, kikombe mkononi, anatabasamu. Chuo kikiondoka, nimekwisha.

Lazima nibadilishe kampuni. Mke wangu kashauri niwaulize mambo mawili tu: waya wao unapita wapi, na ukikatika nani anapokea simu. Maswali ya chekechea! Wakubwa husikiliza wakubwa wenzao. Nimeziandikia kampuni mbili kwamba nahudumia mji mzima pamoja na vitongoji vyake. Nimelala nikijipongeza.

Jumanne, 4 Machi

Zote zimejibu! Kwa heshima kubwa! Wanakuja kesho kutazama chumba changu cha mitambo.

Sina chumba cha mitambo. Nina stoo. Ndani yake kuna rauta moja, ndoo, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

Sikukata tamaa. Nimemwangukia fundi redio, akaniazima redio kaseti zote zilizomshinda kutengeneza. Nimezipaka rangi nyeusi, nimezipanga mpaka darini, nimepitisha taa za mapambo katikati. Zinawaka, zinazima, zinawaka. Machozi yamenilenga. Mke wangu kachungulia, kauliza kama nafungua disko.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya siku.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa mauzo mwenye tai ndefu kupita mkanda wake. Nimempa jina Bwana Tai. Kila nilichouliza, alijibu ndiyo. Nikamuuliza waya wao hukatika mara ngapi. Akanishika bega.

"Mkurugenzi," alisema, "kwetu sisi neno kukatika halipo."

Mkurugenzi! Tangu nizaliwe hakuna aliyeniita hivyo bila kucheka.

Wa pili alikuwa mhandisi, dada mmoja mwenye buti za matope na ngazi aliyoibeba mwenyewe. Aliitazama mitambo yangu. Hapo redio moja ikaamua kufufuka, ikaanza kuimba wimbo wa harusi. Mhandisi akasubiri kiitikio kiishe. Kisha akasema, bila haya, kwamba mwezi uliopita waya wao ulikatwa na wachimba mabomba, na siku nzima ikapita kabla hawajauunga. Kwamba wa kwao umezikwa ardhini, nyuma ya soko. Kwamba wa Bwana Tai unaning'inia kwenye nguzo zilezile za kampuni niliyo nayo sasa, kwa hiyo nikihamia huko nitakuwa nimebadilisha jina tu. Akaacha namba yake ya simu. Yake mwenyewe!

Kampuni gani inajitangaza kwa kukatika? Nimemchagua Bwana Tai palepale.

Mke wangu kaomba ile namba. Nimempa. Nilidhani anataka kuulizia buti.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Tai kaniunganisha. Kasi! Nimefungua kurasa nisizozihitaji kwa raha tu ya kuziona zikifunguka.

Mhandisi naye amekuja, eti mke wangu kamwita avute waya wa majaribio kupitia dirisha la jikoni. Nimekasirika. Nimetangaza kwamba waya huo hautachomekwa kokote maadamu mimi ni hai. Mke wangu kasema sawa. Sipendi anavyosema sawa.

Jioni nimesimama kibarazani nikaongea na simu iliyozimwa, kwa sauti ya kusikika ng'ambo, kwamba nimepata kampuni isiyokatika. Nilitaka Shemeji aumie. Hakuumia. Kabla jua halijazama nimemwona Bwana Tai juu ya paa la Shemeji! Mwizi wa mawazo!

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani ulianza salama. Nilikuwa nimejilaza. Mara kishindo! Lori limerudi nyuma pale kona, likalaza nguzo na nyaya zake zote barabarani.

Nimempigia Bwana Tai. Kasema waya haujakatika, umepumzika.

Nimepanda ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nimeingia chumba cha mtihani, nimepiga magoti, nimeomba radhi kwa sauti: kwa Mkuu, kwa wanachuo, kwa wazazi wao. Wanachuo wote wakainua vichwa. Kisha wakaviinamisha na kuendelea kubofya.

Kuendelea!

Mkuu kaniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa.

Nimemkuta mke wangu stoo. Mhandisi alikuwa amempigia mara tu aliposikia nguzo imeanguka, kabla hatujamtafuta: "Dada, wa kwetu mzima. Chomeka." Naye akachomeka. Nilitaka kumkumbusha kwamba mimi bado ni hai, lakini nikaishia kukaa juu ya ndoo.

Kisha Shemeji akavuka barabara, pekupeku, uso umemshuka. Wateja wake wote gizani. Akamwambia dada yake maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake: "Nisaidieni." Mke wangu kamvutia waya kupitia dirishani. Nilitaka kukataa. Lakini alinisalimia kwa mikono miwili, na nikamwagizia chai.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu amebaki, na anataka tumuunganishie mabweni pia! Mke wangu amekubaliana na mhandisi rasmi. Shemeji naye anahamia huko. Kuanzia sasa yeye na sisi tutashikana mikono mambo yakiharibika.

Nimetafakari sana. Nimejichunguza bila kujionea huruma. Nimeona ukweli: kila kitu kimefanikiwa kwa sababu ya barua yangu. Nisingesema nahudumia mji mzima, mhandisi angekuja? Kosa langu lilikuwa woga. Mji mmoja ni mdogo mno.

Kwa hiyo leo nimeiandikia kampuni ya setilaiti kwamba nahudumia miji miwili na uwanja wa ndege. Wamejibu kabla sijafunga kompyuta! Jumanne wanaleta ujumbe mzito, na wameomba kwa unyenyekevu waonyeshwe njia ya kurukia ndege.

Shemeji ana kiwanja kitupu. Nimeshanunua chokaa ya kuchora mistari.