Samli ya Gitaa la Mkwe

Alhamisi, 1 Julai 1982

Mwalimu Serafina wa kisomo katugawia madaftari. Tuandike mambo ya kila siku, hata mistari mitatu, mkono usisahau. Mimi ni mwanafunzi. Nina wajukuu tisa na meno kumi na moja. Shule sikuiona, baba alisema ng'ombe hawajichungi. Daftari nalificha kwenye kihenge, chini ya mtama.

Ya leo mabaya. Mkwe wangu Marselino, mume wa Epifania, kaweka dau gitaa lake.

Si gitaa la dukani. Alilipata Bukavu kwa Mzaire aliyeokoka akaacha muziki. Wanaojua wanasema toka Mwanza hadi Kigoma hakuna la pili. Kuna wanaume wanapanda lori toka Buseresere, wanalitazama, wanatikisa kichwa, wanarudi kwao. Epifania kanieleza siri yake. Mbavu zote mbili ni wazi kama kibuyu, katikati pamepita gogo la mti mzima. Lililo wazi lote, ukilitia umeme mwingi linalia kama fisi. Lililo ubao mtupu halina mapafu. Hili linaimba na halilii ovyo.

Dau ni na Felician, kijana wa Paskalia jirani yangu. Yeye yuko bendi ya pili, na lake ni ubao mtupu. Siku ya Saba Saba bendi zote mbili zitapiga kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake wa uwanja, kama tunavyoshindanisha ngoma zetu. Jua likishuka, mwenye watu wengi kashinda. Aliyeshindwa anatoa gitaa. Walikubaliana kilabuni. Pombe ikiingia, wanaume hugawa hata kisichogawika.

Likienda, mimi nabaki na ukuta wa udongo. Nyumba yao iliezuliwa na mvua ya Machi, wamehamia chumba changu cha pili. Jioni Marselino anapiga, mimi nabandika sikio ukutani. Sauti ile ni ya ndono ya marehemu Bujiku wangu. Upinde, uzi mmoja, kibuyu kifuani. Kwa huo alinitoa kwa baba yangu. Miaka kumi na moja sijaisikia, mpaka gitaa hili.

Paskalia kaniambia kisimani nitoboe ukuta kabisa, niliage gitaa vizuri. Nimemwambia atoboe masikio yake kwanza, yameziba.

Lazima Marselino ashinde. Nitasaidia.

Ijumaa, 2 Julai

Marselino katoka kutafuta betri ya gari ya kuwashia vyombo vyao. Nikaingia chumbani kwao.

Hapa nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, wala hawakai chumba kimoja. Kuishi nyumba moja hivi ni taabu. Yeye akitaka kutoka anakohoa mara mbili. Mimi nikipita uani naimba. Wageni wanadhani mmoja mgonjwa, mwingine kalewa.

Gitaa lilikuwa kitandani, jekundu kama nyanya ya Juni. Usoni lina matundu mawili marefu yaliyojipinda kama nyoka anayeamka. Nikaligonga ubavuni, likaitika. Katikati, kimya. Ubavu wa pili, likaitika. Kibuyu, mti, kibuyu. Nikachungulia tunduni. Loo! Ndani kavu, kweupe, hakujaonja mafuta tangu kuzaliwa.

Mtoto gani hajui kwamba kibuyu kisicholishwa samli hupasuka na sauti hukauka? Bujiku ndono yake aliilisha kila mwezi ukiandama. Mzaire alilitesa tu gitaa la watu. Nikalilisha. Vijiko vitatu tundu hili, vitatu lile. Nyuzi nazo nikazipaka zilainike.

Mara nje, koho, koho.

Mlango mmoja. Nikaingia uvunguni, kanga usoni. Akakaa kitandani juu ya kichwa changu akapiga bila umeme. Kwa umeme linasikika mtaa mzima wa Nyasubi. Bila umeme analisikia aliye karibu tu, na leo mimi nilikuwa karibu kuliko mkewe. Nililia na mavumbi yangu. Alikuwa Bujiku, nakuapia daftari.

Kisha nikapiga chafya.

Gitaa likanyamaza. Mkwe akakohoa mara mbili, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya choo hadi nilipojitoa. Kijana kalelewa yule.

Jumapili, 4 Julai

Epifania kaniuliza baada ya misa. Mumewe analalamika vidole vinateleza na nzi wanamfuata hadi mazoezini. Nikasema ni hewa ya kiangazi. Akasema hewa haina harufu ya samli. Nikasema inategemea inatoka wapi.

Mlangoni pa kanisa Paskalia katangaza kwamba bendi ya mkwe wangu inanuka jikoni. Mwanamke yule ana ulimi. Ndiye anayekataa Felician asimwoe Justina, binti yangu mdogo, eti wanangu wamerithi mdomo wangu. Wamerithi, ndiyo. Felician mwenyewe kila jioni anapita kwangu akisema anatafuta kuku wake. Kuku gani huyo, mwaka wa pili hapatikani?

Jumanne, 6 Julai

Mchana nikasikia ukutani mtindo mpya. Mwepesi, wa kukwaruza, kwaru kwaru kwaru, halafu unapumzika. Nikamsifu mkwe kwa Epifania, nikasema huu mtindo Felician atakimbia nao hadi Rwamgasa akachimbe dhahabu. Epifania akaniambia mumewe yuko sokoni tangu asubuhi.

Tukaingia. Gitaa lipo peke yake, linakwaruza. Tukalipindua, tukalitikisa. Kwenye tundu la nyoka akatoka panya, kanona kama mwenyekiti, masharubu yanang'aa samli.

Epifania akanitazama. Nikamwambia asimsumbue mumewe, kesho mashindano. Panya katoka, basi yameisha.

Jumatano, 7 Julai, Saba Saba

Hayakuisha.

Uwanja umejaa. Marselino upande wa mnazi mmoja wa misheni, Felician upande wa ghala la pamba. Mimi nyuma kabisa, kanga kichwani. Wakaanza. Ubao wa Felician ukanguruma. Gitaa letu, kimya. Betri nzima, nyaya za nje nzima. Marselino akachungulia tunduni, akauvuta waya mmoja wa ndani kwa kidole. Ukatoka, umetafunwa.

Akapiga hivyo hivyo bila umeme. Walio karibu wakaacha kuzungumza, wazee sita na mama mmoja mwenye mtoto. Wengine wote walikimbilia kelele. Jua likashuka na mshindi alijulikana.

Felician akaja na mikono mbele. Kwa haki, hakufurahi sana. Nyuma yake mama yake alifurahi kwa niaba ya ukoo mzima. Marselino kaliegemeza gitaa kwenye kiti, kainama, machozi yanadondokea viatu. Kosa si lake. Kosa lina meno kumi na moja.

Nikapita katikati ya watu. Marselino aliponiona akageuka akanipa mgongo, akarudi nyuma hatua kumi, adabu hata msibani. Nikalikumbatia gitaa. Felician akasema, Mayu, mama yangu, samahani, dau ni dau. Nikamjibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe: kweli, na mimi Justina wangu nimekupa. Yule pale, kama hataki aseme. Justina hakusema, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Nikasema haya, mkwe wangu, sogea umnyang'anye mama mkwe wako mikononi.

Mikono ikasimama hewani. Akamtazama Justina. Akanitazama mimi, akakumbuka, akashusha macho. Uwanja mzima ulikuwa unasubiri.

Akakohoa mara mbili. Akageuka, akaondoka.

Vigelegele vilifika stendi. Paskalia alikaa chini, tena si kwenye kiti.

Jumapili, 11 Julai

Paskalia kaja na wazee wawili. Tumekubaliana. Kasema mdomo wangu utamuua, nikamwambia sasa utamuua akiwa ndugu. Kanywa uji wangu, kaomba mwingine.

Gitaa limebaki. Fundi redio kaunga ule waya. Mkwe kanitumia salamu kupitia Epifania: anashukuru sana, ila anaomba samli iliwe na ugali. Nimekubali. Gitaa lile sitaligusa tena, nimeapa mbele ya Epifania na msalaba.

Jioni kalipiga. Sikio langu lilikuwa ukutani. Naona limelainika. Hawatasema, lakini ni ile samli.

Sasa wakohozi ni wawili na sijui nani ni nani, nashinda naimba. Felician kaleta ubao wake Marselino aukaze nyuzi, wameuacha barazani wakaenda kilabuni. Nimeugonga. Maskini, sauti ngumu kama shoka, hauna hata tundu moja la kulishwa. Ila pembeni, panapoingia waya wa umeme, pana kitundu kidogo cha duara.

Kijiko hakiingii. Bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe linaingia, nimejaribu.

Samli iko jikoni inayeyuka.