Lori la Maua na Betri ya Nicanor

Nicanor Quisbert aliposikia kwamba Doña Saturnina, bibi mwenye duka mjini Uyuni, anatafuta betri ya taa za duka, na kwamba lori lake jekundu limekaa bure, mate yalimjaa. Alikuwa tapeli wa mji wa Oruro, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na tangu utotoni alitamani kitu kimoja tu: lori.

Akaendesha pikipiki yake hadi Uyuni, akang'oa betri yake karibu na duka, akaificha ndani ya sanduku chini ya tope jeusi la mkaa na dawa ya viatu, akafunga taa juu.

"Sayansi hii, Doña! Lithiamu ikiingia kwenye oksidi ya madini, oksidi inavimba, ikitoka, inasinyaa, mwisho inapasuka. Mimi nimeichanganya na plastiki inayopitisha umeme. Inaikumbatia, haipasuki ng'o!"

"Laiti marehemu mume wangu angejua kukumbatia hivyo," alisema Doña Saturnina, akilinusa tope. "Haya, tubadilishane. Lori liwe lako, sanduku liwe langu."

Lori lilikuwa uani, limefunikwa maua na riboni.

"Nichungulie injini kidogo?"

"Kabla halijanyweshwa bia? Unataka kumtukana Pachamama uani kwangu?"

Nicanor alinywea. Watu wa kwao wanaweza kumdanganya hata askofu, lakini maua ya mali mpya hayaguswi kabla Pachamama, Mama Ardhi, hajaonja kinywaji chake. Doña akamwagia magurudumu bia, wakaandikiana, akaingiza sanduku ndani na kufunga mlango.

Nicanor akarukia usukani, akazungusha ufunguo. Kimya. Akafumua maua, akafungua boneti. Injini haikuwepo. Kuku mweusi alikuwa amelalia mayai.

"Doña! Umenitapeli!"

Dirisha likafunguka. "Mpwa wangu anaitengeneza hiyo plastiki yako chuoni Potosí. Nimeinusa mara nyingi. Hainuki dawa ya viatu, mwanangu."

"Basi nipe betri yangu! Pikipiki haiwaki bila hiyo!"

"Betri gani tena? Si ulisema ni plastiki na oksidi?"

Nicanor akaitazama pikipiki yake. Roho ilimuuma kweli. Oruro ilikuwa mbali, na pikipiki ya kusukuma ni nzito. Akamnyakua kuku, angalau apate supu.

"Mrudishe kwenye mayai yake," alisema Doña Saturnina. "Tumeandikiana lori. Kuku ni wangu."